Alama ya Ubavuni

Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna nguo iliyorudishwa kwenye karakana ya Bi Futi kwa sababu ya kipimo. Zilirudi kwa mengine: mteja kanenepa, mteja kagombana na aliyemnunulia kitambaa, mteja kaona rangi nyingine kwa jirani na roho ikamuuma. Kwa kipimo, hata moja. Mwenyewe alilisema hilo mbele za watu bila kukohoa, na mafundi wawili wa kike aliowafundisha kazi walikuwa wakitazamana na kuchekea mikononi, maana wimbo huo waliujua mwanzo hadi mwisho. Jina la Bi Futi alipewa na wateja kwa ajili ya ile futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake kutwa nzima. Mara moja alikwenda nayo msibani, akashtuka wakati wa kutoa pole.

Uvimbe kwenye titi la kushoto aliugundua mwenyewe, tena kazini. Alikuwa anajipimia blauzi, akapitisha kidole pale ambapo mshono wa kifua ungekaa, akagusa kitu kigumu kama kifungo kilichosahaulika ndani ya pindo. Hakungoja kuambiwa na mtu. Wiki ile ile alikuwa hospitali, na majibu yalipotoka kwamba ni saratani, daktari alimwambia amewahi, imekamatwa ikiwa changa. Walimfanyia upasuaji wa kutoa uvimbe na nyama kidogo inayouzunguka, titi lenyewe likabaki.

"Basi tumemaliza," Bi Futi alisema kidonda kilipopona.

"Bado," daktari alisema. "Uvimbe tumeutoa. Lakini huenda kuna chembe zimebaki ambazo jicho letu halizioni. Bila mionzi, hatari ya ugonjwa kurudi kwenye titi hilo hilo ni kubwa zaidi. Utakuja mara kumi na tano. Siku tano kwa wiki, wiki tatu."

"Na hiyo mionzi itajuaje pa kupita?"

Daktari alitabasamu. "Itapita pale tutakapoipimia."

Jibu hilo lilimkaa vizuri Bi Futi. Alirudi nyumbani akala kiapo moyoni: hizo mara kumi na tano atazimaliza zote, na kila moja itapita pale pale ilipokusudiwa. Hakutaka kurudi kwenye meza ya upasuaji kwa uzembe wa mtu, awe nani.

Mumewe aliitwa Dereva hata na wajukuu, kwa kuwa alikuwa ameendesha mabasi ya safari ndefu mpaka akastaafu. Kila asubuhi alimsindikiza mkewe, akakaa kwenye benchi la nje la jengo la mionzi na gazeti lake la juzi. Alijua kila kitu kuhusu ugonjwa ule isipokuwa kimoja: kovu lenyewe lilivyo. Tangu upasuaji Bi Futi alikuwa akivalia bafuni, komeo limefungwa, na Dereva hakuuliza. Miaka yote ya ndoa ilikuwa imemfundisha milango ya kugonga na milango ya kuacha.

Siku ya kwanza ilikuwa ya vipimo tu. Alipewa gauni la hospitali la kufungia mbele, kamba mbili zimekatika, mshono wa bega umepinda kama njia ya mlevi. Bi Futi aliligeuza ndani nje, akalitazama kwa uchungu.

"Nani kashona hili?"

"Hilo halina mshonaji, mama," alijibu muuguzi wa mlangoni. "Hilo lina mzabuni."

Ndani alimkuta mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya kukata. Ndiye mtaalamu wa mashine, na wagonjwa walimwita Dada Usisogee kwa sababu neno hilo lilimtoka kabla ya salamu. Alimlaza Bi Futi chali juu ya ubao ulioinuka kidogo, akaukunja mkono wake wa kushoto juu ya kichwa, kiwiko kikakaa kwenye kikombe cha plastiki cha kukiegemeza. Wa kulia akauacha tumboni. Taa nyembamba za kijani zilitoka ukutani na darini, zikakutana juu ya kifua. Pale zilipokutana Dada Usisogee alichora alama za kujumlisha kwa wino wa zambarau: moja katikati ya kifua, moja kila ubavu. Kisha akapima kutoka ya katikati hadi ya ubavuni, akamsomea mwenzake aliyekuwa anaandika.

"Kushoto, kumi na tisa na nusu."

Bi Futi hakuambiwa akumbuke, lakini kipimo kikishaingia sikioni mwake hakitoki. Kumi na tisa na nusu. Kikakaa humo pamoja na viuno vya nusu ya mji.

"Sasa nisikilize, mama," Dada Usisogee alisema. "Alama hizi si zako, ni zangu. Oga kwa uangalifu, usizisugue. Ikififia hata moja, usiirudishie mwenyewe. Namba ya simu ni hii, piga siku yoyote, tutakuita tuichore sisi. Jambo la pili: ukiwa humu ndani peke yako na ukaona kuna tatizo, nyoosha mkono wa kulia. Tunakuona kwenye skrini, tutasimamisha mashine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwanangu. Hata mimi nina wanafunzi."

Wiki ya kwanza ilipita salama. Kulala, kunyamaza, mlango mzito unafungwa, mashine inazunguka na kuunguruma, dakika chache, kwisha. Haikuuma. Mtaani palikuwa na mpangaji mmoja aliyeanza kumpitia mbali na mtoto wake, eti mionzi itamrukia. Bi Futi alimsimamisha akamwambia mionzi hiyo inabaki chumbani kwake hospitali, haipandi basi, na kama ingekuwa inarukaruka angeshaituma kwa wanaomdai nguo ambazo hawajaleta kitambaa. Mpangaji alicheka, na mtoto akaja kusalimia.

Tatizo lilikuja Jumamosi. Karakana ilikuwa na sare za wahudumu wa hoteli za kukabidhi, na Bi Futi, aliyeambiwa apumzike, alipita tu kuangalia. Kuangalia kukawa kushika, kushika kukawa kusimama kwenye pasi kutwa nzima, mvuke unampanda usoni na jasho linamshuka ubavuni. Jumapili asubuhi alisimama mbele ya kioo kirefu cha kupimishia wateja, akafungua blauzi. Alama ya katikati ilikuwepo. Ya kulia ilikuwepo. Ya kushoto, upande wenyewe wa matibabu, ilikuwa imebaki kivuli cha doa tu.

Simu ilikuwa mezani na namba anayo. Aliitazama. Atapiga aseme nini, kwamba aliambiwa apumzike akaenda kupiga pasi? Halafu, tuseme ukweli, hata hiyo haikuwa sababu. Sababu ni kwamba mtu aliyepima nusu ya mji hakuona kwa nini aite mwingine amchoree mistari miwili inayokatana. Kipimo anacho, futi iko shingoni, mkono hautetemeki. Aliinua mkono wa kushoto kadiri alivyoweza, akapima kumi na tisa na nusu, akachora kwa kalamu ya wino mzito anayoandikia majina ya wateja kwenye mifuko. Mstari ulinyooka hata yeye akajipongeza. Ukiuona ungesema umepigwa chapa.

Jumatatu Dada Usisogee aliinama akautazama.

"Hii imekolea leo."

"Mmh," alisema Bi Futi, akajitia kutazama dari. Neno hilo si uongo, na ukweli pia si wenyewe.

Taa za kijani zikawashwa. Dada Usisogee na mwenzake wakashika shuka alilolalia, mmoja huku, mmoja kule. Vuta kidogo. Rudisha. Geuza bega. Tena kidogo. Siku nyingine kazi hiyo ilichukua muda wa kuhesabu kumi. Leo waliendelea mpaka mwenzake akapumua kwa nguvu. Mwishowe taa tatu zikakaa juu ya alama tatu.

"Sawa. Usisogee, mama."

Wakatoka. Mlango mzito ukafungwa.

Bi Futi alibaki peke yake, na hapo mwili wake ukaanza kumsemesha. Kiwiko hakikuwa kimekaa kwenye kikombe, kilikuwa kimeegemea ukingo. Nyonga ya kulia ilikuwa juu kuliko ya kushoto. Alikuwa amepindwa. Na kupindwa kwa namna hii alikujua kuliko mtu yeyote humo hospitalini, kwa kuwa kila wiki alikuona kwa mafundi wanaoanza: nguo imekatwa vibaya, kisha mvaaji anavutwa huku na huku ili aifuate nguo.

Ndipo kosa lote likamjia wazi, toka kichwa mpaka miguu. Yeye alipimwa amelala, mkono juu ya kichwa. Akajipima amesimama. Neno la kwanza analomfundisha mtu akiingia karakana yake, kabla hajamwonyesha hata kutia uzi kwenye sindano, ni hili: mpime mteja alivyo atakapoivaa nguo. Suruali ya mwendesha pikipiki ipimie amekaa. Kwa neno hilo aliwahi kumrudisha mwanafunzi nyumbani analia. Na titi, jamani, titi! Mwanamke mzima, fundi wa blauzi, kasahau kwamba titi likisimama linakaa pengine na likilala linakaa pengine.

Mashine ilianza kuzunguka. Bado haikuwa imeunguruma.

Kunyoosha mkono ni jambo dogo. Mtoto wa darasa la kwanza hunyoosha mara ishirini kwa siku. Lakini Bi Futi alijua kwamba akiunyoosha, mlango utafunguliwa, ataulizwa, na itabidi aseme kwa mdomo wake maneno ambayo mdomo huo haujawahi kuyasema: nimekosea kipimo. Huenda watamrudisha kwenye foleni ya vipimo upya, siku zipite bila matibabu. Na akinyamaza, hakuna atakayejua. Hakuna isipokuwa zile chembe ambazo jicho halizioni, zitakazokaa zake kando, mionzi ikizipita hivi.

Akaona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Akaunyoosha mkono wa kulia, juu kabisa, vidole vyote wazi.

Mashine ikasimama. Dada Usisogee aliingia karibu anakimbia.

"Nini, mama? Unaumwa? Unapumua vizuri?"

"Siumwi. Ile alama ya ubavuni nimeichora mimi."

Mwenzake akaacha mdomo wazi.

"Ilifutika na jasho," Bi Futi aliendelea, macho kwenye dari. "Nikapima kumi na tisa na nusu, kama ulivyosoma siku ile. Lakini nilipima nimesimama. Nimekosea kipimo, mwanangu. Mmenipinda ili niifuate."

Dada Usisogee hakumfokea, na hilo likauma zaidi. Alikwenda akachukua picha kwa ile mashine, akamwita daktari, wakaiweka kando ya picha ya siku ya kwanza. Kisha akarudi, akakaa kwenye kigoda ili macho yao yalingane.

"Umehama sentimita moja na nusu. Sehemu ya pale palipotolewa uvimbe ingebaki nje, na pafu lingeingia ndani zaidi ya tulivyopanga. Picha yako ya kuhakiki ilikuwa ipigwe Alhamisi hii. Kwa hiyo leo, kesho na keshokutwa, mara tatu, tungekupiga pasipo penyewe."

"Nisamehe."

"Na mimi nina langu," alisema Dada Usisogee, sauti imeshuka. "Niliona wino si wangu. Niliona tunakuvuta mno. Ila mstari ulikuwa umenyooka mno, nikauamini. Picha nilipaswa kuichukua bila wewe kuniambia." Akafikicha paji la uso. "Wengi hunyoosha mkono kwa kukohoa, au kwa kuwashwa pua. Ulijuaje?"

"Kazi yangu."

Walichukua vipimo vya siku ile ya kwanza na picha zake, wakamlaza upya, wakapima upya, wakapiga picha upya, daktari akaitikia kwa kichwa. Alama mpya ilichorwa kwa wino wa zambarau, na haikunyooka hata nusu ya ile ya Bi Futi. Aliitazama asiseme neno. Kiwiko kilikuwa kimekaa kwenye kikombe chake. Mlango ukafungwa, mashine ikaunguruma, na mionzi ikapita ilipokusudiwa.

Alipotoka, benchi lote lilikuwa limejaa watu waliokunja nyuso. Foleni ilikuwa imesimama karibu saa nzima. Angeweza kuinamisha kichwa akapita, nani angemuuliza? Alisimama katikati.

"Ndugu zangu, mmechelewa kwa sababu yangu. Nilichora alama mwenyewe, nikaikosea. Mnisamehe. Na nyie msije mkathubutu."

Dereva alikunja gazeti lake taratibu sana. Walitembea mpaka kona ya pili.

"Miaka thelathini na mmoja," alisema Dereva.

"Nyamaza."

"Sijasema kitu, mama watoto. Nimehesabu tu."

Bi Futi alijaribu kununa, kicheko kikamshinda. Akacheka mpaka akashika ukuta wa duka la watu. Hakuwa amecheka hivyo tangu siku alipogusa kile kifungo.

Mchana huo huo aliwapa mafundi wake ruhusa, baada ya kuwasimulia kosa lake lote bila kuruka neno. Hawakucheka. Mmoja wao, yule aliyewahi kurudishwa nyumbani analia, alimwekea chai mbele yake. Walipoondoka Bi Futi alifunga mlango wa karakana, akafuta meza ndefu ya kukatia, akapanda juu yake.

"Njoo hapa," alimwambia mumewe. "Shika futi."

"Mimi?"

"Kuna mwingine humu? Nataka kushona gauni la kuvaa pale hospitali. Lisilomwacha mtu kifua wazi kizima kwa sababu ya upande mmoja. Na kipimo chake ni cha kulala. Siwezi kujipima nimelala."

Alifungua vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, akaivua. Akaulaza mkono juu ya kichwa. Dereva alisimama na futi mkononi, na kwa mara ya kwanza akaliona kovu: mstari mwembamba uliojikunja pembeni ya titi, mrefu kuliko kidole kidogo, si zaidi. Titi lilikuwa limepungua kidogo upande huo. Alama ya zambarau ilikuwa ubavuni. Alitazama muda mrefu.

"Nilikuwa najitengenezea kubwa kichwani," alisema hatimaye. "Wamekushona vizuri."

"Ule ni mshono wa ndani," alisema Bi Futi. "Uzi unayeyuka wenyewe. Yule daktari ana mkono."

"Ana mkono," Dereva alikubali. Akafuta macho kwa kiganja, akatandaza futi kutoka bega hadi ubavu. "Nane."

"Nane gani? Umeshika upande wa inchi. Geuza."

Akageuza, akasoma tena, akasoma kila kipimo mara mbili, naye Bi Futi akaamini kila alichosomewa. Hicho nacho kilikuwa kigeni.

Gauni la kwanza lilikuwa na mikono mipana, na mpasuo wa ubavuni wenye kamba nne zisizokatika, upande wa kushoto peke yake. Dada Usisogee alilivaa juu ya koti lake, akalala ubaoni, akainua mkono, akafungua na kufunga. Hakusifu. Alikwenda kumwita mkuu wa wauguzi, na mkuu wa wauguzi akauliza kama yanaweza kupatikana ya upande wa kulia pia.

Pasi Bi Futi hakuigusa tena. Alikata tu, akiwa amekaa, mafundi wakashona. Ngozi ya titi iligeuka nyeusi na kuwasha, na uchovu ulimwangusha saa nane mchana kama mtoto. Alikwenda siku zote. Saba, nane, kumi na moja. Siku ya kumi na tano Dada Usisogee alimpa pamba yenye dawa.

"Sasa ruhusa, mama. Unaweza kuigusa."

Bi Futi alijifuta alama ya katikati na ya kulia. Ya ubavuni akaiacha. Alisema itaondoka yenyewe, haina haraka.

Nje, mwanamke wa makamo aliyekuja siku yake ya kwanza alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kavaa moja ya yale magauni, kamba kazishika zote mkononi kama anayeogopa kuibiwa. Bi Futi alikaa kando yake bila kualikwa, akazichukua zile kamba, akamfunga vizuri moja baada ya nyingine.

"Itauma, dada?" mwanamke aliuliza.

"Haiumi. Watakulaza, watakuacha peke yako kidogo. Ukiona kuna kitu hakijakaa sawa, hata kama kosa ni lako mwenyewe, nyoosha mkono. Usione haya." Akamweka sawa ukosi, akarudi nyuma kumtazama kama anavyowatazama wateja mbele ya kioo. "Mimi niliunyoosha."

Na alilisema hilo kwa sauti, mbele za watu, bila kukohoa.